Faili la Marehemu Halikaguliwi

Jumanne asubuhi Elijah aliingia ofisini na mahamri ya watu wawili, akayaweka mezani, akanawa mikono, ndipo akaiona orodha ya pili. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja hapo Msambweni, juu ya duka la mabati na misumari, chenye madirisha mawili na feni inayozunguka ikipenda. Elijah ndiye mwenye kampuni. Kwao ni bara ya Kinango, mtu mpole, ila mnadhifu kupita kiasi: hawezi kunywa chai kama kikombe na kisahani si vya rangi moja. Kitu kikiwa pawili bila sababu humkosesha raha mpaka akiunganishe.

"Hasina," aliita, "mbona tuna orodha mbili za kupuuza?"

Hasina Matano, mwandishi wa programu pekee aliyebaki hapo, alimweleza. Programu yao hupita mikono miwili kabla ya kuwafikia watu. Kwanza mkaguzi, ambaye husoma kila faili na kutaja makosa. Kisha mjenzi, ambaye huyakusanya mafaili yote na kuyafanya kitu kimoja kinachotumika. Mkaguzi na mjenzi nao ni programu tu, hawali, hawaombi ruhusa. Mkaguzi ana orodha ya mafaili aliyokatazwa kuyagusa. Mjenzi naye anayo yake, lakini ilikuwa tupu.

"Basi mjenzi na asome ile ya mkaguzi," Elijah alisema. "Orodha moja yatosha."

Hasina aliandika laini moja, wakala mahamri.

Katika orodha ya mkaguzi lilikuwamo faili moja tu, nalo lilikuwa la babake.

Mzee Matano alikuwa mwalimu wa hesabu, na alipostaafu akaona kukaa barazani si kazi. Akajifunza kuandika programu kwa ukaidi ule ule aliowafundishia watoto wa watu. Yeye ndiye aliyeiandika hesabu ya maji, inayowapelekea akina mama wa mwani ujumbe kila siku baada ya alasiri, kuwaambia kesho maji yatakupwa saa ngapi na yatarudi saa ngapi. Mwani hufungwa kwenye kamba, kamba hufungwa kwenye vigingi, na vigingi viko baharini. Shamba hilo hulimwa maji yakiwa yametoka, na mkulima asipojua saa ya kupanda juu nchi kavu, bahari humkuta huko huko. Kampuni nzima iliishi kwa hesabu hiyo. Mzee alifariki mwaka jana baada ya Idi, akazikwa kwao Mwabungo.

Matanga yalipoanuliwa Hasina alirudi kazini, akamwasha mkaguzi, na mkaguzi akaanza kumsema babake. Skrini nzima ilikuwa nyekundu. Laini hii ni ndefu mno. Jina hili halieleweki. Hapa panangojwa jibu na hakuna wa kujibu. Mkaguzi hajui msiba ni nini. Hasina alisoma, akahisi kama anamsikiliza mtu akimsengenya marehemu na udongo wa kaburi haujakauka. Akaliingiza jina la faili katika orodha ya kupuuza, mkaguzi akanyamaza. Elijah alimwambia amefanya vyema. Tangu siku hiyo hakuna aliyelifungua faili lile. Kazi ikiwapitisha karibu nalo walisema Mungu amrehemu, wakaendelea.

Sasa mjenzi naye aliisoma orodha hiyo, na mjenzi si mtu wa kufikiria mara mbili. Aliloambiwa alipuuze, alilipuuza. Usiku ule programu ikajengwa bila hesabu ya maji ndani yake.

Siku ya pili baada ya alasiri, wakati ujumbe ulipotakiwa kutoka, Mzee Matano alipanda ngazi, akabisha hodi.

Alikuwa amejifunga sanda yake vizuri, pindo limekaa sawa, na mabega yake yalikuwa na mchanga mwekundu kidogo. Alinukia kafuri. Hasina alisimama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kiti changu kiko wapi?"

Kiti kilikuwa kimerundikiwa nyaya. Elijah alikikomboa yeye mwenyewe, akakipangusa vumbi kwa kitambaa chake cha mkononi, akasema karibu Mwalimu, habari za huko. Mzee alijibu kwamba huko ni kwema, kumetulia, ila udongo ni mzito. Kisha akaomba simu yake.

Simu yake ya zamani ilikuwa kwenye mtoto wa meza. Betri ilikuwa imefura kitambo na Hasina akaitupa. Iliyobaki ni gamba na kioo. Mzee aliipokea, akavuta kiti dirishani, akaangalia nje kuelekea baharini kwa muda, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, ujumbe baada ya ujumbe, kwa kila mama wa mwani peke yake. Alimaliza magharibi ikiadhiniwa. Akaaga, akashuka. Elijah aliuliza tu kama Mzee atakuwa akija kila siku, ili amwambie bawabu wa chini asimzuie.

Akawa anakuja kila siku.

Na hapo ndipo akina mama walipoanza kuusifu ujumbe. Zamani ulikuwa mkavu: maji yakupwa saa kadhaa, yarudi saa kadhaa, kwisha. Sasa mtu alifungua simu akasoma, "Bi Sidi, maji yatakupwa saa nne, nawe uwe umepanda kabla ya saa saba. Yule mjukuu wako mwambie atapike kwanza ndipo umpe dawa." Mwingine aliambiwa avae viatu kwa sababu upande wake kuna urumba, wale viumbe wa baharini wenye miba. Mwingine aliambiwa aache kugombana na jirani kwa ajili ya kamba iliyopelekwa na mkondo, imenasa pale penye mikoko, akaitwae. Alikwenda, akaitwaa. Hakuna aliyeuliza ujumbe umeandikwa na nani. Waliujua mkono wa Mwalimu, wengine aliwafundisha darasani, na walifurahi kwamba bado yuko makini.

Kwa Bi Twaiba ujumbe ulikuwa mmoja siku zote, tena hauna habari ya maji. "Bi Twaiba, mguu unaendeleaje?"

Bi Twaiba hakuwa tena na shamba la kuambiwa habari zake. Mwaka jana, Mwalimu akiwa ndiyo kwanza kazikwa, maji yalimrudia akiwa kati ya kamba zake. Alikimbia, akakanyaga kigingi, kikamwingia mguuni, akatolewa na vijana wa mtumbwi maji yakiwa yamemfika kifuani. Kikundi kilikaa kikao. Ujumbe ulikuwa umesema maji yatarudi saa saba, na Mwalimu Matano hakosei hesabu, basi aliyekosea ni yeye: alichelewa kwa tamaa, alikuwa akimalizia kamba moja. Shamba akapewa mwingine aliye mwepesi. Na kwa kuwa watu wa hapa hawawezi kumwacha mtu na jina alilopewa na wazazi wake tu, akaitwa Bi Kamba Moja. Watoto nao wakalijua.

Elijah alifurahi kwa sifa zilizokuwa zikija. Vikundi vya kusini zaidi, kuelekea Jego, navyo vikaomba kutiwa kwenye ujumbe, akavitia. Alimletea Mzee mto wa kuegemea na feni ndogo ya mezani. Kila Ijumaa alimletea udi. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, na Hasina hakumchukia siku yoyote.

Hasina mwenyewe alikuwa na furaha ambayo ilimuuma. Kumwona babake pale dirishani, miwani hana lakini bado anaikunjia pua kama anayo, kulimfanya awahi kazini na kuchelewa kuondoka. Walikaa kimya pamoja kama zamani. Lakini aliona pia kidole. Kile kidole cha kuandikia kilikuwa kinapungua kama chaki. Mwanzo ilikuwa ukucha tu. Vikundi vya Jego vilipoongezwa, kikafika kwenye kiungo cha kwanza, na kila jioni Mzee akiinuka sanda yake pajani ilikuwa na unga mweupe, naye akiupangusa usionekane. Maiti kazi yake imekwisha, anatakiwa alale. Huyu wake alikuwa anakwisha yeye, na Hasina alijua kwamba asipofanya jambo, babake atamalizika pale kitini mbele ya macho yake.

"Baba," alimwambia siku moja, Elijah akiwa ameshuka kununua maji, "unachoka."

"Nachoka."

"Basi kwa nini unamwandikia Bi Twaiba, na hana shamba?"

Mzee alimalizia neno alilokuwa akiandika. "Lifungue faili langu, Hasina."

"Siwezi, Baba. Mkaguzi atakusema."

"Na aseme. Mimi nimesahihisha watoto wa nchi hii mpaka mkono ukawa mwekundu kwa wino. Nani alikwambia mwalimu hapendi kusahihishwa? Mmeniwekea heshima, Mungu awalipe, lakini heshima yenu imenifungia mlango. Toka nizikwe hakuna aliyenisoma."

Hasina alilitoa jina la faili kwenye orodha, akamwasha mkaguzi. Skrini ikawa nyekundu ile ile ya mwaka jana. Mzee alisogeza kiti, wakaanza juu kushuka chini, bega kwa bega, harufu ya kafuri na ya mahamri ya asubuhi. Laini ndefu wakazikata. Majina yasiyoeleweka wakayabadilisha, ingawa Mzee alilipigania moja, la Kidigo, akisema hilo linaeleweka sana ila kwa wenye masikio. Hasina alicheka. Alikuwa hajacheka mbele yake tangu Mzee alipougua.

Halafu wakafika pale panapongojwa jibu.

Mzee alikuwa amehesabu maji kwa tarehe za mwezi, kama anavyohesabu kila mtu wa pwani: bamvua, yale maji makubwa, inajulikana kwa mwezi wa juu, haijulikani kwa kalenda ya ukutani. Lakini mwezi una siku ishirini na tisa au thelathini, na ni zipi kati ya hizo haijulikani mpaka watu wautazame usiku ule. Kompyuta haiwezi kutoka nje ikatazama. Kwa hiyo Mzee, akiwa na akili zake timamu na simu yake mfukoni, alikuwa ameandika pale kwenye programu: *hapa aulizwe Matano*. Kila mwisho wa mwezi programu ilimuuliza, yeye akaenda kuutazama mwezi, akajibu. Kama hakujibu, programu ilidhani mwezi umeandama, ikaruka siku, na saa ilizotaja siku hiyo zikawa zimechelewa karibu saa nzima kuliko maji yenyewe. Kesho yake ilijirekebisha yenyewe. Alipokuwa hai hakukosa kujibu hata akiwa na homa.

Hasina alitazama siku aliyoumia Bi Twaiba. Ilikuwa tarehe thelathini ya mwezi wa juu.

Maji yalirudi saa sita kupita kidogo. Programu ilisema saa saba. Ilikuwa imemuuliza Matano, na Matano alikuwa chini ya udongo wa Mwabungo. Na mkaguzi alikuwa amepiga kelele kuhusu laini hiyo hiyo, siku ya kwanza baada ya matanga, na Hasina akamnyamazisha.

Alilia, akiwa amekaa, mikono juu ya kibodi. Mzee alimwekea ile mikono yake juu ya kichwa, kidole kimoja kikiwa kifupi.

"Kosa ni langu niliyeandika jina langu pahali pa hesabu," alisema. "Lako ni dogo, la mtoto anayempenda babake. Sasa andika."

Waliandika kwamba isipojulikana mwezi umeandama au la, programu ichukue saa ya mapema kati ya mbili, ili mtu apande juu akisubiri badala ya kukimbia. Mzee alisoma mara mbili, akatia alama ya vema kwenye kioo kwa unga wa kidole chake. Mkaguzi alipita faili lote, hakusema neno.

Elijah aliporudi na maji walimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Inalillahi," alisema, ingawa yeye ni mtu wa kanisa. "Masikini Bi Twaiba."

"Tuwaandikie kikundi," Hasina alisema. "Tuseme kosa lilikuwa la programu, arudishiwe shamba lake."

Elijah alikaa. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, ilionekana usoni. "Hilo haliwezekani, Hasina. Tutamchafulia Mwalimu jina."

"Nichafulieni," Mzee alisema kutoka dirishani.

"Samahani sana, Mwalimu," Elijah alimgeukia kwa unyenyekevu, "lakini wewe ni marehemu. Jina lako sasa tumeachiwa sisi tulitunze."

Mzee alimtazama kwa muda, jinsi alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliokaririshwa jibu na wengine. Kisha akairudia simu yake.

Kesho yake asubuhi Hasina alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kikundi, Bi Mishi, akamkuta anaanika mwani kwenye chanja. Aliamkia, akakaribishwa, akaeleza kila kitu, ya tarehe thelathini na ya laini ile. Bi Mishi aliendelea kuutandaza mwani kwa viganja.

"Mwanangu," alisema, "hujapoa. Msiba hukaa na mtu, humsemesha mengi. Babako alinifundisha hesabu, hakukosea. Usimseme, hata wewe. Hasa wewe."

"Yeye mwenyewe amesema, Bi Mishi."

"Ndiyo tabia yake, kujitwika ya wenzake. Mungu amzidishie." Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba lile shamba lishapewa mtu, naye ana watoto, amekwisha funga mbegu, sasa anyang'anywe kwa lipi. Akamfungia Hasina ndizi, akamwombea dua.

Kisha Hasina alimkuta Bi Twaiba nyumbani kwake, mguu juu ya kigoda, akamweleza yale yale. Bi Twaiba alimsikiliza bila kumkatiza.

"Najua," alisema. "Kamba zangu zote nilikuwa nishamaliza. Nilikuwa napanda juu, mkono mmoja nimeshika viatu. Mimi na bahari tunajuana tangu utoto wangu, na siku ile ilikuja kabla ya ahadi."

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

"Niseme Mwalimu kakosea, na arubaini yake hata haijasomwa? Ningekuwa mtu gani?" Akaucheka mguu wake. "Lakini yeye huniuliza. Kila siku. Wengine wote hupita hapo nje wakaniita Kamba Moja, yeye huniuliza mguu. Mwambie nashukuru."

Jioni ile Mzee alikuja mara ya mwisho, na wote watatu walijua. Hasina alimpa salamu za Bi Twaiba, naye alifurahi. Elijah alikuwa amenunua halua. Mzee aliandika ujumbe wa kila mama, akaufikisha mpaka wa mwisho, akaitia simu ndani, akafunga mtoto wa meza.

"Orodha zile zitenganishe," alimwambia Hasina. "Kitu ambacho hutaki kisemwe si lazima kiwe kitu ambacho hukitaki. Na kile kikombe changu cha chai ulichokificha toka nizikwe, kitoe mkitumie."

Alishuka ngazi polepole, akishikilia ukuta. Hasina alimsindikiza mpaka barabarani, akasimama mpaka hakumwona. Alimpenda sana, na alimwambia hivyo kwa sauti, barabarani, mbele ya wauza mabati.

Kisha akapanda juu, akamrudishia mjenzi orodha yake tupu, akajenga. Hesabu ya maji ikaingia ndani. Kesho yake baada ya alasiri hakuna aliyebisha hodi. Ujumbe ulitoka wenyewe, sahihi, mkavu: maji yakupwa saa kadhaa, yarudi saa kadhaa. Akina mama walilalamika kidogo kwamba Mwalimu siku hizi ana haraka, kisha wakazoea. Hakuna aliyekutwa na maji tena. Elijah alibandika picha ya Mzee ukutani, kwenye fremu ya rangi moja na meza.

Kitu kimoja Hasina alikiongeza katika faili la babake, laini fupi katikati ya hesabu: kila siku, pamoja na saa za maji, Bi Twaiba aulizwe mguu unaendeleaje. Mkaguzi aliikataa mara moja. Alisema jina la mtu mmoja halistahili kuandikwa ndani ya programu ya watu wote. Hasina alimwambia aipuuze laini hiyo, hiyo tu, na mjenzi hakumwambia lolote, kwa hiyo mjenzi huijenga.

Bi Twaiba bado anachechemea, bado hana shamba, na mwaka huu mtoto mmoja alizaliwa jirani kwake ambaye atakua akimjua kwa jina la Kamba Moja. Ujumbe humfika kila siku, naye kila siku hujibu. Programu haikuandikwa ijue kusoma majibu. Ila magharibi inapokaribia, ile simu isiyo na betri hutetemeka kwenye mtoto wa meza. Elijah humwambia Hasina, "Ni ya Mwalimu hiyo." Hasina huvuta mtoto wa meza, akaisoma, "Wauma bado, lakini ahsante kwa kuuliza," akafunga taratibu, akaendelea na kazi.